Mbiu Bila Jambo: Kuhakiki Sentensi ya Mashine Inapokwama

Wahakiki wa Kiswahili tumeshahakiki karibu kila kitu. Khanga tumezisoma, maandishi ya nyuma ya daladala tumeyasoma, kadi za harusi na meseji za michango nazo hazijapona. Lakini kuna utanzu mmoja unaosomwa kila siku na watu wengi kuliko riwaya zetu zote, na sijaona mtu akiuwekea kiti mezani. Ni ujumbe wa kosa: ile sentensi fupi ambayo kompyuta inaitoa inapokwama.

Usicheke. Ina msimulizi, ina msomaji, ina tukio na ina mkasa. Mara nyingi ina maneno matano tu, na msomaji wake huwa katika hali mbaya kuliko msomaji wa kitabu chochote: ana haraka, ana hofu, na kazi yake imesimama. Sentensi inayosomwa katika hali hiyo inastahili kuhukumiwa kwa ukali kuliko shairi.

Nitaongelea zaidi sentensi za programu huria za mfumo, yaani Linux na jamaa zake. Hizo ndizo programu za chini kabisa, zinazoshika diski, kumbukumbu na nyaya kabla hujafungua dirisha lolote. Nimezichagua kwa sababu matini yake iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma, na anaweza kupeleka sentensi bora zaidi kwa wenyewe wakaipokea au wakaikataa kwa hoja. Nitazisomea Handeni na Korogwe, maana ujumbe uleule una maana tofauti kulingana na alipo anayeusoma. Mtu wa ofisini Dar es Salaam akiona maneno asiyoyaelewa anageuza kiti na kumwuliza jirani. Kwenye steshenari ya Handeni, jirani ni muuza chipsi.

Tuanze na kipimo chetu wenyewe. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii tunaitumia hovyo siku hizi, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya tahadhari. Mlio peke yake unakuambia acha unachofanya. Kisha lazima jambo lifuate: nini kimetokea, wapi, na nani anatakiwa afanye nini. Mpiga mbiu akipita kijijini akipuliza tu bila kusema neno, siku ya kwanza watu watatoka nje, siku ya pili watachungulia dirishani, siku ya tatu hawatainuka mkekani.

Linux ina mbiu za ngazi nane. Kiini chake kinapoandika habari kwenye daftari la mfumo, kila mstari hupewa namba kuanzia 0, ambayo ni dharura ya mwisho, hadi 7, ambayo ni porojo za mafundi. Mpango huo ulirithiwa kutoka kwa syslog, kazi ya Eric Allman ya miaka ya 1980. Ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba ngazi inapima ukubwa wa mlio tu. Haisemi lolote kuhusu ubora wa jambo lenyewe. Kwa miaka mingi kiini hicho kimebeba sentensi inayosema kwamba printa inawaka moto. Si mzaha wa mtandaoni, imo kwenye msimbo. Hutolewa pale printa inapotoa ishara ya tatizo, na tatizo lenyewe si kuisha kwa karatasi wala kukatika kwa mawasiliano. Yaani maana yake halisi ni “kuna kitu, sijui ni nini”. Badala ya kusema hajui, mwandishi akasema moto. Kichekesho kizuri ukiwa umekaa na waandishi wenzako wa programu. Lakini mpe sentensi hiyo mtu aliyekopa kwenye vikoba ili anunue printa hiyo, uone kama atacheka.

Twende Korogwe. Chukua steshenari yoyote karibu na stendi. Tuseme mle ndani kuna kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyowekewa Linux kwa sababu ni ya bure na haisumbuliwi sana na virusi vya kwenye fleshi. Ndani ya diski yake zimo katiba za vikundi, mihtasari ya mikutano ya vijiji, barua za kuomba kazi za vijana waliokuja na basi la asubuhi kutoka Handeni. Umeme umekatika mara tatu wiki hii. Mzee mmoja anasubiri barua yake.

“Mwanangu, vipi, imetoka?”

“Bado, mzee. Mashine imekataa kusevu.”

“Inasemaje?”

“Inasema mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu.”

“Sasa si isome?”

Mzee huyo wa kubuni ameuhakiki ujumbe kuliko mimi. Ujumbe anaotafsiriwa ni wa kweli. Namba yake ni 30, jina lake la kifundi ni EROFS, na unasema hivyohivyo: huu ni mfumo wa kusoma tu. Kisarufi umetulia kama kibao cha maktaba. Hauna tukio. Unaeleza sheria, kana kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, wakati dakika kumi zilizopita binti huyohuyo alikuwa anasevu bila shida.

Kilichotokea ni hadithi. Kiini cha Linux kilikuta sehemu ya diski imeharibika. Kikaamua, kwa busara kabisa, kufunga mlango wa kuandika ili uharibifu usienee, na kuacha wazi mlango wa kusoma. Mifumo kama Debian na Ubuntu kwa kawaida hupangwa kufanya hivyo kwenye diski kuu. Hiki ni kitendo cha mlinzi mwaminifu aliyesikia panya ghalani akafunga mlango. Kwenye daftari la mfumo mlinzi huyo aliandika kila kitu: aligundua hitilafu, sehemu fulani, akaifanya diski iwe ya kusoma tu. Lakini daftari hilo binti wa steshenari halioni. Kwenye baadhi ya matoleo, mtumiaji wa kawaida hata haruhusiwi kulifungua. Programu ya kuandikia barua haikuambiwa hadithi. Ilipewa namba 30 tu, ikaenda kwenye orodha, ikakuta sentensi ya namba 30, ikaisoma kwa sauti.

Hapo ndipo uhakiki wangu unapolalia. Tunapolalamika kwamba jumbe za makosa ni mbaya, tunadhani waandishi wake hawajui kuandika. Mara nyingi wanajua. Daftari la kiini limejaa sentensi za watu makini. Kasoro ni kwamba mpiga mbiu, akitoka kwa mzee wa kijiji kwenda kwa wananchi, anaruhusiwa kubeba namba tu. Jambo linabaki nyuma, mlio unafika. Binti anazima mashine na kuiwasha, kama sote tunavyofanya. Inakubali kwa muda. Anaendelea kutaipu kwenye diski inayokufa, na siku moja haiamki, ikiwa na katiba za vikundi vinne na barua ya yule mzee.

Watu wa mkoa wa Tanga wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Handeni ni kukavu. Tangu miaka ya 1970 kuna mradi unaojulikana kwa herufi tatu, HTM, unaosukuma maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Kwa hiyo bomba likikauka Handeni, huenda sababu iko Korogwe: pampu imesimama, au umeme, au tope mtoni. Mama anayefungua koki anapata ujumbe mmoja tu, nao ni ukimya. Ukimya huo haumwambii kama asubiri jioni, au anunue maji ya wiki nzima. Hitilafu imetokea mahali pamoja na imeonekana mahali pengine, na kati ya sehemu hizo mbili habari imepungua mpaka ikabaki hewa.

Programu za mfumo zimejengwa hivyohivyo, tabaka juu ya tabaka. Na wakati mwingine habari ikishuka njiani haipungui tu, inageuka uongo. Namba 28, ENOSPC, inasema kifaa hakina nafasi iliyobaki. Mwenye steshenari anafuta picha, anafuta muziki, anakuta nafasi kibao, na bado anaambiwa hakuna. Sababu ni kwamba Linux hutumia namba hiyohiyo hata pale vitambulisho vya mafaili vinapokwisha. Kila faili, hata likiwa dogo kama punje, linahitaji kitambulisho kimoja, na kwenye mifumo mingi idadi yake hupangwa siku diski inapoandaliwa. Ghala lina nafasi, stakabadhi ndizo zimekwisha, lakini karani anakuambia ghala limejaa. Namba 25, ENOTTY, kwa miaka mingi ilisema “si taipureta”, hata kama hakuna aliyetaja taipureta. Baadaye sentensi yake ilibadilishwa kwenye mifumo mingi. Huo ni ushahidi kwamba sentensi hizi zinaharirika.

Sasa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na sitaki mtu asome ninayoyasema kama dharau. Lakini tazama mjadala wetu wa lugha na kompyuta tangu enzi hizo ulivyokuwa. Tumegombana juu ya nomino. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Nywila au neno la siri? Kipanya au puku? Tumejaza makala na vikao kwa nomino, kana kwamba mashine inasema jina moja moja. Mashine inasema sentensi. Na sentensi ina kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili kina upatanisho. Hapo ndipo waandishi wa programu walipotutegea shimo bila kukusudia.

Mwandishi wa programu anapenda kuandika sentensi yenye tundu: hapa weka jina la kitu, kisha “haikupatikana”. Kwa Kiingereza tundu hilo halina madhara. Kwa Kiswahili ni balaa. Faili halijapatikana, folda haijapatikana, kifaa hakijapatikana, mtandao haujapatikana, mtumiaji hajapatikana. Mtafsiri anapewa kipande kimoja cha sentensi kisichojua kitaungana na nini. Anachagua “haijapatikana” na kumwomba Mungu. Matokeo yake ni Kiswahili cha mtu anayejifunza, na msomaji anahisi papo hapo kwamba anayesema naye si mwenyeji. Gettext, zana ya GNU inayobeba tafsiri za programu nyingi huria, ina utaratibu wa umoja na wingi. Wa ngeli haina. Dawa inajulikana, na mwongozo wenyewe wa gettext unaisema: andika sentensi nzima, usiunganishe vipande. Ukiandika sentensi nzima kwa kila kitu, mtafsiri wa Kiswahili anapona, na hata msomaji wa Kiingereza anapata habari mahususi zaidi. Ngeli zetu zinadai uandishi bora. Wasiombwe radhi.

Halafu kuna maneno mazito tunayoyatumia bila kupima. “Kosa” kwa Kiswahili lina mkosaji. Kosa la jinai, umenikosea, naomba unisamehe kosa langu. Ukimwambia binti wa steshenari “Kosa!” kwa wino mwekundu, umemshitaki. Redio zetu zina neno bora: umeme ukikatika, hutangazwa kwamba kuna hitilafu. Hitilafu ni ya kitu. Kosa libaki pale mtumiaji alipokosea kweli, na hata hapo kwa upole. “Onyo” nalo linanuka barua ya mwajiri, onyo la kwanza, onyo la mwisho. Kwa nini tusichukue msamiati wa Mamlaka ya Hali ya Hewa? Wao wana ngazi zinazoeleweka hadi Mombo na Mkata: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Na taarifa zao, ukizisoma kama mhakiki, zina umbo kamili. Zinataja mikoa, zinataja siku, zinakadiria uwezekano, zinasema athari zinazoweza kutokea, na zinakuambia ujiandae. Mtu wa Korogwe anayelima karibu na mto Pangani anajua la kufanya. Hayo ni maandishi ya tahadhari kwa Kiswahili, yapo, yanafanya kazi, na watafsiri wa programu hawayaigi.

Neno ninalolichukia kuliko yote ni “imeshindikana”. Nani ameshindwa? Hakuna. Imejishindikania. Ni kitenzi cha karani anayefunga dirisha saa tisa na nusu. Mtaani tumeshampita karani huyo zamani. Mashine imekataa. Imegoma. Imezira. Inasumbua. Kila moja ya kauli hizo inampa mtendaji jina, na kila moja ina hali yake: iliyogoma inahitaji mazungumzo, iliyokataa ina sababu, inayosumbua bado inafanya kazi lakini usiiamini. Kati ya karani na mtaa, mimi niko na mtaa.

Naijua pingamizi. Wapo wanaosema ujumbe mfupi ni adabu: programu za mfumo zinazungumza na programu nyingine, si na binadamu, na maneno mengi yanaziba masikio. Hoja hiyo ina ukweli. Tahadhari zikizidi, zote zinakuwa kelele, na tumeshakubaliana kuhusu mbiu ya siku ya tatu. Lakini ufupi na ukimya ni vitu viwili. Mwaka 2013 kompaila ya GCC, toleo la 4.8, ilianza kuonyesha mstari wenyewe wenye hitilafu na kuweka alama chini ya mahali palipoharibika. Mwaka 2015 watu wa lugha ya Elm walifanya kompaila yao iongee kwa nafsi ya kwanza na kueleza ilikwama wapi. Mwaka 2016 Rust, lugha ya kuandikia programu za mfumo hasahasa, ilibadilisha umbo la jumbe zake kwa kuvutiwa na Elm. Mwaka 2021 Python 3.10 ikaanza kukuambia ni mabano yapi uliyafungua ukasahau kuyafunga, badala ya kulaumu mstari usio na hatia. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokufa kwa maneno mengi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na inatuhusu sisi. Ukitafsiri ujumbe kwa Kiswahili, mtu wa Handeni hawezi tena kuutafuta mtandaoni akapata msaada, kwa sababu misaada mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Kweli kabisa. Ndiyo maana tafsiri inayofuta jina la kifundi ni tafsiri mbaya hata kama Kiswahili chake ni fasaha. Jina na namba vibaki, pembeni, kama namba ya simu ya fundi.

Hebu basi tujaribu, maana mhakiki asiyethubutu kuandika mstari mmoja ni mwoga. Badala ya “mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu”, mashine ya Korogwe ingesema:

“Nimeacha kuandika kwenye diski hii kwa sababu nimekuta sehemu yake imeharibika. Barua uliyofungua haijahifadhiwa. Kabla ya kuzima mashine, nakili mafaili yako muhimu kwenye fleshi. Namba ya hitilafu: EROFS 30.”

Sentensi nne. Ya kwanza ina mtendaji, kitendo na sababu. Ya pili inasema ukweli mchungu bila kuupamba. Ya tatu ndiyo jambo la mbiu. Ya nne ni ya fundi. Niliwaza kuongeza kwamba mafaili ya zamani yako salama, nikaliacha neno hilo, kwa sababu mashine haijui. Hapa ndipo ujumbe wa kosa unapotofautiana na ushairi: hauruhusiwi kufariji kwa kitu usichokijua. Je, mashine iseme “nimeacha”, kama mtu? Kwangu mimi, ndiyo. Nafsi ya kwanza inamwondolea binti mzigo wa kudhani ameharibu yeye.

Kuandika sentensi hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kilichoandikwa kwenye daftari la mfumo kinapanda hadi kwenye dirisha la barua, na hiyo ni kazi ya waandishi wa msimbo: wapitishe sababu pamoja na namba, wasiunganishe vipande vya sentensi, watenganishe hitilafu na kosa. Lakini nusu ya kwanza ni yetu. Programu huria nyingi zina mafaili ya tafsiri yanayosubiri mtu anayejua kwamba faili ni “halijapatikana” na kifaa ni “hakijapatikana”, na anayesikia tofauti kati ya onyo na tahadhari. Hahitaji kujua kuandika msimbo. Anahitaji sikio, na wasomaji wa ukurasa huu mnalo. Mwisho wa mwezi, badala ya kubishana tena kuhusu tarakilishi, fungueni faili moja la tafsiri mkalisome kwa sauti, kama mnavyomsomea mzee barua yake kabla hajaitia sahihi.